Baba, Mwari

Kijiji cha Evlampia hakina jina, kina hesabu:
Maili ya Ishirini na Tatu, basi,
utadhani aliyekiita hivyo alikuwa mpita njia
na kamba ya kupimia mkononi.
Barabara haifiki. Kinachofika ni maji.
Mto Danubi, kabla ya kukata roho baharini,
hugawa mirathi kwa mkono wake mwenyewe:
huyu mfereji, yule ziwa, mwingine tope tupu,
na aliyepata tope ndiye aliyerithi ndege.

Alfajiri, ukungu. Mashua ya mbao iliyopakwa lami.
Mimi na koti la kuazima.
Bwana Olimpiu, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Cluj,
na kamera yenye mdomo mrefu kuliko wa korongo.
Nyuma yetu Evlampia, kitambaa cha maua kichwani,
mkono mmoja juu ya injini ambayo benki bado inaidai.

"Leo mtaona baba," anasema.
Nauliza, baba wa nani?
Anacheka mpaka mashua inayumba.
Katika Kirusi chao cha kale, baba ni bikizee,
na ndilo jina la ndege mweupe mwenye mfuko kidevuni.
Kwetu, namwambia, baba ni baba,
na ndege huyo ni mwari,
sawa na binti aliyewekwa ndani,
akafundwa, akasingwa,
na siku ya kutolewa anatoka polepole, macho chini,
akijua fika kwamba wote wanamtazama.
Anafikiri kidogo.
"Bikizee au mwari,
wote hawaji ukiwaita."

Hawakuja.

Tulipewa vingine.
Matete yaliyotuzidi kimo, yakinong'ona
kama watu wanaosengenya mlango ukiwa wazi.
Mayungiyungi yakifunguka moja moja, bila kudaiwa.
Mdiria: buluu, kisha hakuna.
Juu ya mti mkavu mnandi walikuwa wameanika mbawa
na kuziangalia zikikauka.
Nyoka wa maji akakichana kioo cha mfereji kwa shingo,
kioo kikajishona chenyewe.
Bwana Olimpiu aliandika yote daftarini,
kwa safu, na mstari chini wa kujumlishia.

Saa nne Evlampia akazima injini.
Akatoa mkate, nyanya, samaki wa kukaanga
ndani ya gazeti.
Kamera iko mfukoni. Vidole vya mwalimu vina mafuta.
Ndipo ukungu ukapasuka upande wa kushoto
na wakatolewa.

Si kwa kuruka. Kwa kuogelea, bega kwa bega,
weupe uliotiwa waridi kidogo,
wakainamisha vichwa kwa pamoja, wakainua,
wakainamisha, wakainua,
na mbele yao samaki wakikimbilia
kona isiyo na mlango.
Hakuna sauti ila maji yakichuruzika midomoni.
Hakuna kati yetu aliyetafuna.
Mwalimu alihesabu kwa midomo tu, kama anayesali.

Jioni, supu iliyopikwa kwa maji ya mto huo huo.
Mume wa Evlampia anaitwa Filat. Ni mvuvi;
nyuzi za nyavu zimemchora viganja.
"Mmewaona?"
"Mia mbili na kumi na wawili!" Mwalimu bado anang'aa.
Filat akaweka kijiko chini.
"Kila mmoja anakula kilo moja na nusu kwa siku.
Wewe ni mtu wa hesabu. Zidisha."

Akazidisha. Tuliliona jibu likimfika usoni.
"Mimi leo," akasema Filat, "nimepata kumi na moja.
Kilo."

Evlampia hakutia neno.
Alizihesabu pesa zetu, noti kwa noti,
akazitia ndani ya kopo chini ya picha ya mtakatifu,
kisha akachota kichwa cha kambare, pale penye unono,
akakiweka katika bakuli la mumewe.
Filat alikitazama kidogo.
Akala.

Nje, gizani, kitu kizito kikatua majini.
Wote wanne tukainua vichwa kwa pamoja,
tukainamisha.